Efa moja ni madebe mangapi?

Chukua Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union Version, ulitafute neno pishi. Utalikuta Kutoka 16, Waisraeli wanapookota mana jangwani, kila kichwa na pishi yake. Utalikuta Mathayo 5, katika maneno juu ya taa isiyofaa kufunikwa. Utalikuta tena Mathayo 13, mwanamke anapoificha chachu ndani ya unga. Neno ni moja, na msomaji ana haki ya kudhani kuwa chombo nacho ni kimoja. Kumbe ni vyombo vitatu. Pishi ya mana ni omeri ya Kiebrania, kiasi cha lita 2.2. Pishi ya taa ni modio wa Kirumi, unaochukua karibu lita 8.7. Pishi ya chachu ni sea, ambayo zama za Injili ilikuwa kama lita 13.

Watafsiri hawakuwa wazembe. Waliwaandikia watu waliokuwa wakinunua nafaka kwa pishi na kibaba, na walitaka msomaji aone kitu anachokijua, asikwame kwenye neno la Kiebrania. Kwenye mana walilenga barabara kabisa: kamusi za zamani za Kiswahili zinaikadiria pishi kuwa nusu galoni, yaani kama lita 2.27, na omeri ni lita 2.2. Kwingine neno lilikuwa dogo kuliko kitu, mara nne kwa modio na karibu mara sita kwa sea. Mwanamke wa Mathayo 13 hakuwa akikanda unga wa chapati za jioni. Alikuwa na unga wa karamu.

Wasomaji wengi wakiuliza habari za vipimo hivi hutaka jibu la namba moja: efa ni lita ngapi, bathi ni lita ngapi. Vitabu vingi huwapa namba hiyo bila kusita, kisha msomaji anafungua kitabu cha pili na kukuta nyingine, karibu maradufu. Jibu la kweli lina sehemu mbili. Uwiano wa vipimo hivi, yaani kipi kinaingia mara ngapi ndani ya kipi, tunaujua vizuri sana. Lita zake tunazikadiria.

Tuanze na la uhakika. Ezekieli 45 inasema bathi na efa ni ujazo uleule, ila bathi ni ya vitu vya maji kama mafuta na divai, na efa ni ya vitu vikavu. Zote mbili ni sehemu ya kumi ya homeri, na homeri ndiyo kori. Kutoka 16 inasema omeri ni sehemu ya kumi ya efa. Mapokeo ya marabi yanakamilisha ngazi: efa ni sea 3, sea ni kabu 6, kabu ni logi 4. Upande wa maji, bathi ni hini 6 na hini ni logi 12. Ukipiga hesabu, efa na bathi zote zinatoka logi 72, na kori inatoka logi 720.

Hapo angalia hesabu yenyewe, maana ina kisa chake. Kabu, sea na hini zinakwenda kwa sita na kumi na mbili. Omeri, efa na homeri zinakwenda kwa kumi. Ndiyo maana omeri haitoki sawasawa ukiigawa kwa logi. Ni logi 7 na moja ya tano, namba ambayo mwenye duka asingeibuni. Ni mifumo miwili iliyooanishwa. Ule wa sita unanuka Babeli: huko kori ilikuwa na sutu 30, na kila sutu qa 6, jumla 180. Kori ya Waebrania ina sea 30 zenye kabu 6 kila moja, jumla 180 vilevile. Neno kori lenyewe ni gur ya Wasumeri. Efa na hini ni maneno ya Misri. Homeri inahusishwa na jina la punda kwa Kiebrania, na Waashuru nao walikuwa na kipimo walichokiita kwa jina la punda, kwa hiyo maana yake ni mzigo wa punda.

Jina husafiri bila chombo chake. Hini ya Misri ilikuwa karibu nusu lita, kikombe kikubwa cha chai. Ilipovuka na kuingia Kiebrania ikawa kipimo cha lita 3.6 hivi. Mtu anayechukua hini ya Wamisri kutoka makumbusho ya Cairo na kuimiminia sadaka ya Hesabu 15 atapungukiwa mara saba. Na tukiwa kwenye majina, wahubiri wachunge sana omeri na homeri. Kwa Kiebrania maneno haya yanaanza na herufi mbili tofauti za kooni, lakini kwa Kiswahili tofauti yake ni h peke yake, na wengi wetu h tunaimeza. Homeri moja ni omeri 100. Nimesikia kware wa Hesabu 11 wakihesabiwa kwa omeri kumi, kiasi cha ndoo moja kubwa, wakati andiko linasema homeri kumi, mapipa kumi na zaidi.

Sasa lita. Ushahidi wa kwanza ni vigae. Katika karne iliyopita wachimbaji walipata Lakishi, mji wa Yuda uliobomolewa na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, mwaka 701 K.K., kipande cha mtungi kilichochorwa maneno ya Kiebrania yenye maana ya bathi ya mfalme. Tell Beit Mirsim, alikochimba Mmarekani William Albright kati ya 1926 na 1932, kilipatikana kipande kingine chenye neno bathi. Albright aliunda upya umbo la mitungi hiyo kwa hesabu, akapata karibu lita 22. Ndiyo namba utakayoikuta katika kamusi nyingi za Biblia hadi leo, nami nitaitumia kwa zama za wafalme, ila ujue imesimama juu ya vigae. Tena kuna jambo la kutia shaka: Lakishi hiyohiyo imetoa mitungi mingine yenye mhuri wa mali ya mfalme, na ile iliyounganishwa hadi kukamilika ilipopimwa na kundi la mwanaakiolojia David Ussishkin ilichukua lita 40 hadi zaidi ya 50. Haikulingana yenyewe kwa yenyewe, seuze na bathi. Wengine wanasema kila mmoja ulikuwa wa bathi mbili. Inawezekana. Mfinyanzi wa zamani hata hivyo hakuwa kiwanda cha chupa.

Ushahidi wa pili ni wa maandishi. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza B.K., aliwaandikia wasomaji wa Kigiriki na Kirumi, kwa hiyo ilimbidi awafasirie vipimo vya kwao. Anasema bathi ina seksitario 72 za Kirumi. Seksitario moja ni lita 0.54, basi bathi ni lita 39. Mahali pengine anasema sea ni modio mmoja na nusu, yaani lita 13, na mara tatu yake ni 39 tena. Anakubaliana na nafsi yake vizuri, mpaka unapofika mahali anapoieleza kori kuwa medimno kumi za Athene. Hiyo ni lita 520 hivi, wakati bathi kumi zake mwenyewe ni 390. Mwandishi au mnakili, mmoja wao aliteleza.

Wa tatu ni mtungi wa Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ulioandikwa kwa makaa kwamba una sea 2 na logi 7, yaani logi 55. Unachukua karibu lita 35. Hapo logi ni lita 0.64, na bathi inapanda hadi 46.

Basi tuna 22, tuna 39, tuna 46. Nani mwongo? Hakuna. Kati ya Hezekia, mfalme wa Yuda zama za Senakeribu, na Yosefo ni miaka zaidi ya mia saba. Yuda ilipita mikononi mwa Babeli, Uajemi, Wayunani na Roma, na kila mtawala alikuja na kikapu chake cha kupimia ushuru. Marabi wenyewe waliyakumbuka mabadiliko hayo: wanataja sea ya jangwani, kisha ya Yerusalemu iliyokuzwa, kisha ya mji wa Sepori iliyokuzwa tena. Sea 6 za jangwani zilikuwa 5 za Yerusalemu, na 6 za Yerusalemu zilikuwa 5 za Sepori. Jina lilibaki lilelile, na mdomo wa chombo ukaendelea kupanuka.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha mayai. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 B.K. vyombo vyake vya kupimia vilipotea, lakini sheria ziliendelea kudai vipimo: kikombe cha divai ya kubariki Sabato, unga unaolazimu kutengwa sehemu ya mkate, maji ya birika la utakaso. Marabi wakatafuta kitu ambacho kila nyumba inacho. Wakasema logi ni mayai 6 ya kuku. Robo ya logi, kiasi cha kikombe cha Sabato, ni yai moja na nusu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, ikatoa pia njia ya pili: robo hiyo ni chombo chenye upana wa vidole viwili kwa viwili, na kina cha vidole 2.7. Vidole hivi ni upana wa dole gumba. Njia mbili, jibu moja, na hapo ungetarajia mambo yameisha.

Katika karne ya 18 rabi mkuu wa Prague, Yechezkel Landau, alikaa akapima. Akachukua mayai, akachukua dole gumba lake, akalinganisha. Kipimo cha dole kilikuwa karibu maradufu ya kipimo cha yai. Akafikiri: ama madole yetu yamenenepa mara mbili, ama mayai yamepungua nusu. Watu hawakui kadiri hiyo kwa vizazi, basi kuku wa siku hizi wanataga mayai madogo. Akaamuru vipimo viongezwe. Wapo waliomfuata, wapo walioguna.

Karne ya 20 ugomvi huo ulipata majina mawili. Rabi Chaim Naeh wa Yerusalemu alifuata uzito wa dirhamu uliotajwa na Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204, akapata robo ya logi kuwa mililita 86. Rabi Avraham Karelitz wa Bnei Brak, anayejulikana kwa jina la kitabu chake, Chazon Ish, alishikilia njia ya dole na kupata karibu 150. Tofauti inaonekana ya kutisha, lakini fanya hesabu: ujazo huo ni vidole mchemraba 10.8. Dole la Naeh ni sentimita 2.0 na la Chazon Ish ni 2.4. Milimita nne tu, unene wa kamba ya viatu. Ukizipandisha kwa urefu, upana na kina, zinakuwa ongezeko la asilimia 73. Birika la utakaso, ambalo linatakiwa liwe na sea 40, kwa mmoja ni lita 332, kwa mwingine 573. Hadi leo kuna familia za Kiyahudi zenye vikombe viwili kabatini, kidogo cha siku za kawaida na kikubwa cha usiku wa Pasaka, ili mtu asilale na wasiwasi. Wenyewe wana utani kwamba neno la Kiebrania la kikombe, herufi zake zikihesabiwa kama namba, ni 86, na maneno ya kikombe kinachofaa ni 150.

Msomaji Mwislamu hapa atacheka, maana anaujua mjadala huu kwa jina jingine. Zakatul fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, vibaba vinne, na pishi hapo inasimama badala ya swaa ya Mtume na kibaba badala ya mudi. Kila mwisho wa Ramadhani swali linarudi: ni kilo mbili na nusu za mchele, au tatu? Wanazuoni wa Iraki walihesabu swaa kuwa ratili 8, wa Madina ratili 5 na theluthi. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa wa Iraki, alipofika Madina alionyeshwa vyombo vya swaa ambavyo watu walirithi kwa baba zao. Akavipima, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Ndiyo bahati waliyoikosa marabi: chombo chenyewe mkononi.

Wako waliojaribu kuipata bathi kwa njia ya bahari ya shaba, lile birika la Sulemani. 1 Wafalme 7 inatoa dhiraa 10 za kipenyo, dhiraa 5 za kina, na bathi 2,000. Inaonekana rahisi, gawanya tu. Lakini birika lilikuwa la duara kama bakuli, au lenye kuta wima kama pipa? Na dhiraa ipi, ya sentimita 45 au ile ndefu ya 52.5? Bakuli la dhiraa fupi linakupa bathi ya lita 12, pipa la dhiraa ndefu linakupa 28. Juu ya hayo, 2 Mambo ya Nyakati 4 inasema bathi 3,000 kwa birika lilelile. Marabi walilitatua kwa akili ya sokoni ambayo mwuza nafaka yeyote wa pwani angeielewa: 2,000 ni za maji, 3,000 ni za kitu kikavu, kwa sababu maji hayalundikwi. Kiswahili kina maneno yake kwa hilo, kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kimepitishwa kijiti juu, cha tele kimeachiwa kichuguu. Kwa hesabu yao tele inaongeza nusu ya mfuto. Kama ndivyo mwandishi wa Mambo ya Nyakati alivyokusudia sijashawishika, lakini hoja yenyewe inakumbusha kwamba kipimo cha ujazo ni chombo pamoja na mkono unaokijaza.

Mkono huo ndio uliowakasirisha manabii. Amosi 8 anawashambulia wafanyabiashara wanaoipunguza efa na kuizidisha shekeli: anayeuza ngano anatoa kidogo na kupokea fedha nzito. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kuwa na efa mbili nyumbani, kubwa na ndogo, na ukiuliza kwa nini mbili, jibu ni kwamba moja ni ya kununulia na nyingine ya kuuzia. Mkulima wa Tanzania anaijua efa kubwa kwa jina la lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu na kushonwa likiwa limevimba, huku bei ikibaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo imepambana nayo miaka mingi. Amosi angepata kazi hapo bila usaili.

Sasa tuvitie vipimo hivi katika vyombo tunavyovijua, kwa kiwango cha zama za wafalme. Logi ni chupa ya soda ya mililita 300. Omeri ni gorogoro ya masoko ya Kenya. Hini ni sado isiyojaa sawasawa. Efa ni debe moja na kidogo, kwa kuwa debe la sokoni hubeba lita 18 hadi 20, na bathi ni dumu la lita 20 lililofurika. Homeri, au kori, ni pipa la mafuta la lita 200 na dumu moja juu yake.

Ukisoma hivyo, hadithi zinabadilika uzito. Ibrahimu anamwambia Sara aandae sea tatu za unga kwa wageni watatu: hiyo ni efa nzima, karibu kilo 12 za unga, kwa watu wasiofika kumi. Ni ukarimu wa kupita kiasi, na msimulizi anataka tuuone. Ruthu anapura shayiri aliyookota kutwa na kupata kama efa, kilo 13 hivi, mavuno mazuri mno kwa mwokota masazo. Boazi alikuwa amewaagiza vijana wamwachie makusudi. Isaya 5 inatishia kwamba homeri ya mbegu itazaa efa: umepanda pipa, umevuna debe. Katika njaa ya Samaria, 2 Wafalme 6, robo ya kabu ya kile kinachoitwa mavi ya njiwa, ujazo wa chupa ile ya soda, iliuzwa shekeli 5 za fedha, zaidi ya gramu 55. Elisha anatabiri kwamba kesho yake sea ya unga safi, lita 7, itauzwa shekeli moja. Yule akida wa mfalme aliyebisha alikuwa na hesabu kichwani.

Kwa Injili badili kiwango, tumia 39. Mabalasi sita ya Kana, kila moja la metreta mbili au tatu, na metreta ya Kigiriki nayo ni kama lita 39, yanafikia kati ya lita 470 na 700 za divai. Mdeni wa Luka 16 mwenye bathi mia za mafuta alikuwa akidaiwa lita 3,900, na mwenzake wa kori mia alidaiwa ngano lita 39,000, shehena ya malori. Hao walikuwa matajiri wenye mashamba, ingawa tafsiri zetu zenye vipimo mia na makanda mia zinawafanya waonekane wateja wa duka la mtaani.

Kwa hiyo ukitaka kuandika pembezoni mwa Biblia yako, andika 22 katika Agano la Kale na 39 katika Agano Jipya, na uandike kwa penseli. Siku utakapofukuliwa mtungi mzima wenye neno bathi ubavuni, usio na ufa, namba zote mbili zitapimwa upya.